Hatua Mbili Fupi

Nilirudi Bukoba na stashahada niliyojisomesha mwenyewe, bila mjomba wala mfadhili. Nilizaliwa Kishanda, Muleba, kwenye kibanja cha migomba na kahawa, na katika ukoo wetu ni mimi wa kwanza kuvaa joho la mahafali. Nayasema haya ili ieleweke kwamba mimi si mtu wa kudanganywa kirahisi.

Nilirudi pia na mkanda mweusi. Niliupata Dar es Salaam, katika klabu ya karate ya chuo kikuu. Ni karate ya Okinawa huko Japani, isiyo na mateke ya sinema: unasimama, unapumua, unarudia jambo lile lile mpaka mapaja yatetemeke. Chuo kimoja hapa Buhembe kilinipa ukumbi nikaanzisha klabu yangu. Baada ya mwaka mmoja, mshauri wa wanafunzi aliniahidi barua ya kunitambua kuwa mkufunzi mkuu. Barua ile niliitaka kuliko nilivyowahi kuitaka stashahada.

Wiki hiyo hiyo akatokea mzee kutoka Kamachumu, mwalimu mstaafu, na mkoba wa ukindu begani. Alivua viatu mlangoni, akainama kuelekea mbele ya ukumbi kama tunavyoinama sisi, kisha akatoa mkanda uliochakaa hadi kuwa wa kijivu.

"Shikamoo, mzee," nilisema, maana adabu ni adabu.

"Marahaba, mwana wange. Nimesikia huku mnacheza karate ya klabu yetu."

"Yetu?"

"Nilikuwa pale Dar es Salaam kabla wewe hujaota meno."

Binti mmoja wa mwaka wa pili akacheka. "Mwalimu, mkanda wa mzee umekula chumvi kuliko wewe!"

Mimi sikucheka. Mkanda hufifishwa na sabuni na jua la siku chache tu. Na kwa nini aje wiki ya barua, asije mwaka mzima uliopita? Katika klabu yetu watu hupangana mstarini kwa kufuata aliyeingia kwanza. Umri hauhesabiwi, wala elimu. Maneno ya mzee yakiwa kweli, yeye angesimama kichwani mwa mstari, mimi ningekuwa wa pili katika klabu niliyoianzisha kwa jasho langu, na barua ingekwenda kwake.

Nilimuuliza ukumbi wa Dar es Salaam ulikuwa upande gani. Alijibu sawasawa, lakini hilo hata mpita njia angelijua. Nikamwambia, "Tuonyeshe Sanchin."

Sanchin ni mfululizo wa hatua, ngumi na pumzi unaofanywa polepole mno, na ndani yake nilikuwa na mtego wangu. Mahali pa kugeuka, sisi wa klabu ile huweka mguu kwa hatua mbili fupi, tofauti na klabu nyingine zinazogeuka kwa hatua moja. Mwalimu wetu alifanya hivyo, nasi tukafanya hivyo. Niliamini ni muhuri wa nyumba, umetoka Okinawa mpaka kwetu.

Mzee alianza. Pumzi yake ilisikika hadi dirishani, na nakiri mgongo wake ulinyooka kuliko wangu. Akafika mahali pa kugeuka, akageuka kwa hatua moja.

"Basi!" nilisema, wanafunzi wote wakisikia. "Mzee wangu, samahani, sisi hugeuka kwa hatua mbili. Wewe si wa kwetu."

Alinitazama bila hasira. "Hizo hatua mbili nimewaona vijana wako wakizifanya nilipofika. Kawaulize waliokufundisha." Akaanza kukunja mkanda wake.

Nilitoka nje nikampigia simu mwalimu wangu wa Dar es Salaam, nikitafuta ushahidi wa kumfukuzia mtu. Nilimweleza yote. Alicheka mpaka akakohoa.

"Huyo alikuwa mbele yangu mstarini," alisema. "Na hatua mbili ni goti langu, bwana! Niliteguka, nikashindwa kugeuka mara moja."

"Mbona hukutusahihisha?"

"Nilidhani mnanitania. Vijana wa chuo mnavyopenda utani!"

"Miaka mitatu, mwalimu?"

"Nikasema, hawa wana bidii ya utani."

Nilikata simu. Hakuna aliyesikia. Mzee alikuwa mlangoni anavaa kiatu cha pili, na ningenyamaza dakika moja tu barua ingekuwa yangu. Nilinyamaza karibu dakika hiyo yote. Lakini mimi sijawahi kupata kitu kwa kubebwa, na cheo cha kuiba ni kubebwa vilevile.

"Mzee, rudi," nilisema. Kisha nikawaambia wanafunzi habari ya goti, neno kwa neno. Waliangua kicheko, nikawaacha wacheke.

Barua ilitoka na jina lake. Langu liko chini yake, msaidizi. Bado namchunguza, hata juzi nilimuuliza tena mwaka aliovaa mkanda, nione kama jibu litabadilika. Halikubadilika.

Jumamosi alinisimamisha mbele ya wote nifanye Sanchin, akinipiga mabega kwa viganja kupima kama nimekaza. Nilipofika mahali pa kugeuka, mguu wangu ukaenda hatua mbili. Mzee akachuchumaa, akaligonga goti langu kwa kidole.

"Hili linauma wapi, waitu?" aliuliza, akiniita kwa Kihaya mtu wa kwetu.

"Haliumi, mwalimu."

"Basi anza upya."

Nikaanza upya.