Saa Moja Iliyobaki Ng'ambo

Mnisamehe kwa mwandiko huu na kwa makosa ya herufi. Niliishia darasa la sita, na vidole viwili vya mkono wangu wa kulia havikunjiki. Sababu nitaieleza.

Hapa Bwera tunaishi kando ya mto wa mpaka. Ukivuka daraja kuingia Kongo, saa inarudi nyuma kwa saa moja. Kaka yangu alivuka kila siku akisukuma baiskeli ya mizigo, na alipenda kunitania: "Mimi nikifika kule nakuwa kijana kuliko wewe." Mimi si msemaji. Lakini niliwaza: saa hiyo inakaa wapi? Daraja ni fupi, hata jiwe ukilirusha linavuka.

Siku hiyo mama mmoja muuza samaki alitoka ng'ambo akipiga kelele: "Kimbia, mutoto! Banakata kaka yako na mapanga kule soko! Banasema aliiba kakao!"

Ilikuwa saa nne asubuhi. Nilikimbia. Darajani askari alinisukuma kifuani kwa bunduki.

"We! Simama! Unakimbilia nini?"

"Afande..." Nikaonyesha ng'ambo kwa kidole.

"Haraka ya nini? Huko bado ni saa tatu!" Akacheka, akaniachia.

Utani huo tumeuzoea, lakini siku hiyo niliuamini. Saa tatu hawajamshika. Saa tatu bado anafunga magunia yake. Nilikimbia kuiwahi saa ambayo hajaguswa.

Nilimkuta chini, taya imepasuka, sikio linaning'inia, na mawe bado yanamwangukia. Nililala juu yake. Panga lililokuwa linakuja shingoni mwake lilishukia vidole vyangu. Damu yangu ilipomwagika, mmoja akasema, "Huyu ni mutoto, muache," wakaondoka wakipangusa mikono.

Tulimrudisha kwa baiskeli yake mwenyewe, yule muuza samaki, aliyekuwa amenifuata nyuma, akiisukuma, mimi nimekishika kichwa chake. Katikati ya daraja alikohoa damu, akaacha kupumua.

Mama yetu aliuliza alikufa saa ngapi, maana anataka kumwombea saa hiyohiyo. Watu wa ng'ambo wanasema saa nne, wa huku wanasema saa tano. Mimi nilikuwa nimemshika na sijui. Basi mama anasali mara mbili, na magoti yanamuuma.

Ninyi mliosoma, kama mnajua ile saa iko wapi, na kama mtu anaweza kuingia ndani yake akamkuta mwenzake bado anafunga magunia, niandikieni. Andikeni kwa herufi kubwa, nasoma polepole.