Miaka Mitano ya Kuombwa Ruhusa

Siku hizi kila nikishika simu nakutana na mabishano ya sheria mpya za nchi za watu: kompyuta yenyewe, ikiwashwa tu, imuulize mtu umri wake, na akiwa mtoto izijulishe programu zote. Wenzangu ninaokaa nao hapa Al Sadd, ughaibuni, wanacheka, wanasema hakuna mtoto atakayenaswa. Mimi sicheki. Nimeishi na mashine ya namna hiyo miaka mitano, na niseme kweli, naitamani.

Binti yangu alikuwa na miaka kumi na mitatu, yuko Tanga kwa bibi yake, nilipomnunulia kompyuta ya kusomea. Niliiandaa mwenyewe kabla ya kumpa mtu anayesafiri. Ikauliza tarehe ya kuzaliwa ya mtumiaji. Mwenzangu wa chumba, Mkenya, mlinzi wa jengo la ofisi, akaniona nasita.

"Si uweke tu yako, dadangu? Nani atakucheck?"

Nilimjibu kwa ukali mpaka akashangaa. Pasipoti yangu inanizidishia miaka minne. Wakala wa ajira alinipachikia ili nifikie umri wa kuajiriwa kazi za ndani, nami nikakubali, nikamwacha binti huyo, wakati huo wa miaka mitatu, akilia mlangoni. Tangu hapo kila fomu ninayojaza ina uongo. Sikutaka mwanangu aanze hivyo, nikaandika tarehe yake ya kweli.

Kumbe nimejitia kitanzi. Mashine ikamweka kundi la watoto, na kila alichotaka sharti mimi nikubali kwa simu. Programu ya kuchora, ruhusa. Mchezo, ruhusa. Nusu saa ya ziada, ruhusa. Wakati huo nilishaacha kazi za ndani, nafanya kazi chumba cha kufulia cha hoteli. Mashuka yamenifika shingoni, simu inatetemeka mfukoni, msimamizi ananitolea macho, nami najifanya nakwenda chooni. Nilinung'unika, lakini sikubonyeza kabla ya kuuliza: "Ya nini hiyo?"

"Shikamoo mama. Ya jiografia."

Hapo maneno yananoga: mwalimu kawafokea, bibi kifua kinambana, nywele kasuka mtindo mpya. Wenzangu walilea kwa kupika na kuogesha, mimi nililea kwa kubonyeza. Zilikuwa siku nzuri, na sikujua.

Mwaka jana akatimiza kumi na minane. Asubuhi ile simu ikanitaarifu kwamba ruhusa yangu haihitajiki tena. Nilikaa juu ya kapu la taulo nikalia kama mjinga. Wiki ikapita kimya, na ya pili vilevile. Nikasema basi, nimestaafishwa umama.

Ijumaa moja uvumilivu ukanishinda, nikampigia. Nilijitia utani.

"Haya, umepumua sasa. Huna wa kukubania."

Akacheka. "Mama, shuleni wenzangu walinionyesha namna ya kuikwepa tangu mwezi wa kwanza. Dakika mbili tu."

"Sasa mbona ulikuwa unaniomba?"



"Nikikutumia salamu ulikuwa unajibu kesho yake. Nikiomba ruhusa ulikuwa unajibu hapo hapo."