Asubuhi Nilipompeleka Binti Yangu Kuomba Msamaha

Shule ya Merrylands, huku ugenini tulikohamia, ilimsimamisha binti yangu masomo kwa siku nne kwa kupigana. Kesho yake nilimpeleka kwa mwalimu mkuu kuomba msamaha, kama wazazi tulivyofanya Kenya.

"Baba, siruhusiwi kufika pale," aliniambia kwa Kiingereza garini. Nilidhani anakwepa aibu.

Mwalimu mkuu alituzuia getini. Alisema kwa upole kwamba binti yangu asikanyage shuleni hadi siku hizo nne ziishe, kisha tutaitwa kikaoni.

"Sasa msamaha auombe lini?" nikamuuliza. Hakuelewa swali langu. Binti yangu alikuwa akilia mbele ya wenzake.

Garini nilisoma ukurasa wa pili wa barua ya shule, ambao nilikuwa nimeupuuza. Yote aliyosema mwalimu mkuu yalikuwa yameandikwa humo. Adhabu ile bado siielewi, lakini aibu ya getini nilimletea mimi.