Machozi ya Joyline

Helen Bosibori alikuwa na miaka saba ya ujane pale watu wa filamu walipomfuata Migori, mwaka wa tisini na tatu. Aliuza njugu karanga sokoni, alisali Sabato na Waadventista wenzake, na majirani walimwita Mama Mellen kwa jina la binti yake wa pekee, mwalimu huko Kisumu. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Tangu mumewe azikwe hakuna aliyemwona akilia, na yeye mwenyewe alikuwa ameacha kukingoja kilio.

Mumewe, Ombati, alikuwa mtu wa gari la sinema la serikali. Miaka ya sitini na sabini alizunguka kutoka Karungu hadi Magunga, akitundika shuka jeupe kwenye ukuta wa zahanati na kuwaonyesha watu picha: jinsi ya kupanda pamba, jinsi ya kujikinga na mbung'o, bendera ikipandishwa Nairobi. Picha zilisema Kiingereza. Ombati alishika kipaza sauti akazifasiri kwa Kijaluo na Kiswahili, na wakiwepo Wakisii wenzake, akawatupia maneno mawili matatu ya kwao. Watu walisema sauti yake ndiyo sinema yenyewe. Mwaka wa themanini na sita aliugua ghafla akiwa Magunga, akafa kabla ya kufikishwa hospitalini. Walimleta nyumbani kwa gari lile lile, wamemfunika kwa shuka lile lile la picha.

Kiongozi wa wageni hao aliitwa Liz Nyamweya, mwanamke wa makamo aliyevaa miwani. Aliketi kwenye kiti cha mbao akaeleza shida yake.

"Uhuru unatimiza miaka thelathini, Mama. Tunatengeneza filamu moja yenye hadithi nne, na kila hadithi ina mwongozaji wake. Kuna ya bandari ya Mombasa, kuna ya reli, kuna ya mashamba ya kahawa. Ya nne ni ya huku ziwani, na ndiyo yangu. Tunataka watu wakumbuke tulikotoka."

"Tulitoka wapi?" Helen akauliza.

"Kwenye siku njema. Wakati watu walikuwa na imani na nchi yao."

Helen alikubali kwa kuwa hakuona sababu ya kukataa. Alikataa Jumamosi tu, wakaja Jumapili. Mpiga picha, kijana mtaratibu aliyeitwa Ken, akasimamisha mtambo wake mlangoni, na Helen akaombwa asimulie habari za mumewe. Akasimulia siku ile ya Magunga, gari, na shuka. Hakupandisha sauti wala kuishusha. Alipofika kwenye shuka, Ken alizima mtambo bila kuambiwa.

Liz alimshika mkono. "Pole sana, Mama. Lakini hiyo tutaiacha. Hadithi yetu haielekei huko."

"Sawa," Helen akasema.

Ndipo wakafunika madirisha kwa mablanketi, wakamweka kwenye kigoda sebuleni mwake, wakamwonyesha ukanda mfupi waliouchimbua kwenye hifadhi ya serikali. Ulikuwa wa maonyesho ya kilimo ya mwaka wa sabini na moja. Ombati alikuwa amesimama kando ya gari, kijana, ana penseli sikioni. Alifuta kioo cha mtambo kwa pindo la shati, akageuka, akamchekea mtu asiyeonekana. Ukanda haukuwa na sauti. Ukaisha. Wakaurudia mara tatu, na kila mara Ken alimlenga Helen usoni.

"Unasikia aje, Mama?" Liz aliuliza polepole.

"Kifungo cha hilo shati nilishona mimi."

"Na moyoni?"

Helen alijichunguza kwa uaminifu, kama mtu anayefunua chungu huku akijua hakina kitu. "Hakuna," akasema.

Kwenye mlango wa jikoni alikuwa amesimama jirani yake, Joyline, Mjaluo aliyekuwa akileta sokoni omena, dagaa wa ziwani, kutoka Sori. Alikuja kutazama tu. Sasa machozi yalikuwa yakimtiririka, na kamera ilikuwa imeshamgeukia. Liz akamnong'oneza Ken, kisha akamwomba Joyline akae pale kwenye kigoda, ajitande leso ya Helen.

"Min Mellen, nifanye?" Joyline akauliza, akimwita Mama Mellen kwa Kijaluo.

"Kaa tu. Mimi niko na njugu za kupepeta."

Filamu ilionyeshwa Desemba, mchana, katika ukumbi mmoja wa Homa Bay, madirisha yamezibwa kwa magunia. Watu walifurahia nyimbo za bandarini, wakacheka kwenye hadithi ya reli, wakatulia kwenye ile ya kahawa. Ya nne ilipoanza, msimulizi alisema kwa sauti nzito, "Alikuja na mwanga, na nchi ikajiona." Ombati akacheka. Kisha uso wa Joyline ukaenea kitambaa kizima, umelowa, na ukumbini zikaanza kusikika pua zikivutwa. Mzee mmoja aliyewahi kulima pamba, na sasa hakuwa na wa kumuuzia, alijifunika uso kwa kofia. Helen alitazama kamba iliyoshikilia kitambaa. Ilikuwa imefungwa vibaya.

Baadaye watu walipanga mstari kumpa Joyline mkono. "Pole kwa mzee," walimwambia. Alijaribu kukana, hakusikika. Nje akamvuta Helen kando.

"Nilikuwa nalilia ndugu yangu, yule alizama Karungu. Mzee wako hata sikumjua vizuri. Umekasirika?"

Helen akaitafuta hasira, asiione. "Hapana. Ulilia vizuri."

Liz naye akamfikia. "Umeionaje, Mama?"

"Ile ya reli ilikuwa nzuri."

Tangu hapo filamu ilionyeshwa kwenye televisheni kila sikukuu ya Jamhuri. Wageni waliopita sokoni walimwuliza Joyline habari za mumewe wa sinema. Mwaka wa kwanza aliwasahihisha. Mwaka wa pili alichoka, akawa anaitikia pole zao na kupima omena. Helen, ambaye meza yake ilikuwa hatua chache tu kutoka hapo, aliendelea kupima njugu.

Likizo ya Agosti, mwaka wa tisini na saba, Mellen alirudi nyumbani akiwa mjamzito. Walikaa uani wakimenya njugu.

"Mama, baba alikuwa mtu wa namna gani? Mimi nilikuwa shule za bweni, namkumbuka kidogo tu."

"Alikuja na mwanga," Helen alianza. "Alikuwa akitundika shuka, watoto wanakaa mbele, na nchi—"

"Hayo ni maneno ya filamu."

Helen aliokota njugu nyingine. Akajaribu tena. Lakini kila alipoutafuta uso wa Ombati, ulimjia wa Joyline, mkubwa, umelowa, ukitikisika kidogo kwa upepo uliopenya ukumbini. Nyuma yake hapakuwa na mtu.

"Hayo tu ndiyo niko nayo," akasema.

Mellen akavuta ungo karibu. Wakamenya mpaka jua likahamia ukuta wa pili. Mellen akauliza kama maziwa ya chai yamebaki, na Helen akainuka kwenda kuangalia.