Msamaha Ulioombwa Mlangoni Kwetu

Wifi yangu Hakimzadi hajui kumnyamazia mkubwa, na hicho ndicho kilichomfanya mtetezi wa wafanyakazi, wala si shule. Shule aliiacha baba yake alipokufa kwa kikohozi cha vumbi la pamba. Mji wetu wa Tando Sumar umezungukwa na viwanda vya kuchambua pamba, na wenye viwanda karibu wote ni ndugu au wakwe wa Wadero Imdad, mwenye ardhi tunayoikalia na mbunge wetu katika bunge la mkoa wa Sindh kule Karachi. Mimi naliogopa hata gari lake. Wifi akiliona linapita hutema mate.

"Umemwona huyo?" huniambia. "Akiwa Karachi ananyoosha mkono kupitisha sheria za wafanyakazi, kajitanda shali ya ajrak begani, anapigwa picha. Akirudi hapa, mkaguzi wa kazi hatii mguu kiwandani mpaka ale kwanza biriani nyumbani kwake. Sheria inazaliwa Karachi ikiwa nzima, huku kwetu tunaletewa maiti."

"Punguza sauti, utatuchomea nyumba," nami humjibu.

"Nyumba yenyewe ya udongo. Itaungua nini?"

Ndivyo alivyo. Kuishi naye kunataka moyo.

Msimu uliopita wa pamba, Punhal, mtoto pekee wa Mama Sabhai, alinaswa na mkanda wa mashine katika kiwanda cha Wadero. Mkanda ule ulikuwa na kinga ya chuma zamani. Waliitoa kwa sababu ilichelewesha kazi, hawakuirudisha. Kijana alifia palepale, hata hospitali hakufika. Barua ya ajira hakuwa nayo, na huku nani anayo? Wifi alipofungua kesi kwenye mahakama ya kazi, wakili wa Wadero alijibu kwa maandishi kwamba Punhal hajawahi kufanya kazi pale, hajulikani, na kwamba hakuna mtu aliyewahi kufia ndani ya kiwanda kile. Wenzake waliombeba na damu yake nguoni wakasahau wote kwa pamoja. Siwalaumu, wana watoto wa kulisha. Lakini kesi ikianguka, mashine zingewashwa tena msimu mpya mikanda ikiwa wazi vilevile, na safari hii angekuwa mtoto wa mwingine.

Siku moja kabla ya kesi kusikilizwa, Mama Sabhai alikuja kutoka kijijini kulala kwetu. Alasiri nilikuwa nakanda unga wa roti, nikasikia mtaa umenyamaza ghafla. Watoto wa mtaa wetu hawanyamazi bure. Nikachungulia mlangoni.

Wanawake walikuwa wanakuja katikati ya njia, miguu mitupu. Aliyetangulia alikuwa kikongwe, Kurani ikiwa kichwani pake ndani ya kitambaa cha kijani. Alikuwa Bi Rabel, mama mzazi wa Wadero, mwanamke ambaye tangu aletwe harusini hakuwahi kuikanyaga barabara yetu.

"Merh!" nilimwambia wifi. "Wametuletea merh!"

Kwetu Sindh, ukikosewa hata kosa la damu, wanawake wa nyumba ya mkosaji wakija mlangoni pako na Kurani kichwani kuomba msamaha, huwarudishi. Anayewarudisha hana jina tena mbele za watu, hata mahari ya binti zake hakuna atakayekuja kuizungumza.

"Funga mlango," wifi alisema.

"Nifunge mlango mbele ya Kurani? Una wazimu?"

"Ni ujanja huo! Kesho ni kesi, leo ndiyo wamekumbuka kulia? Waambie Mama Sabhai hayupo."

Lakini Mama Sabhai alikuwa keshainuka kitandani. Alijifunika shela vizuri, akatupita sote wawili, akasimama kizingitini. Majirani walikuwa wameshajaa kwenye kuta na mapaa.

"Dada yangu," Bi Rabel alisema, akihema, "mimi ni mama kama wewe. Nimekuja mlangoni kwako."

"Karibu. Sema ulichojia," Mama Sabhai alijibu.

Ndiyo desturi. Anayeomba hulitaja kosa kwa kinywa chake, maana lisipotajwa linasamehewa lipi? Mke wa msimamizi wa kiwanda, aliyekuwa nyuma yake, akamvuta shela.

"Bi Mkubwa, inatosha. Anajua."

"Niache, Zulekha. Nina Kurani kichwani." Kikongwe akamgeukia tena Mama Sabhai, machozi yakimtoka. "Mwanao alifia kwenye mashine yetu, akifanya kazi yetu. Tusamehe."

Nilimtazama wifi, nikajua kwamba angekuwa peke yake angesema neno la kutuangamiza. Mama Sabhai aliitazama miguu ya yule kikongwe. Nilidhani atakataa, na Mungu anajua kuna upande wangu uliotaka akatae. Kisha akanyoosha mikono miwili, akaishusha Kurani kichwani pa yule kikongwe, akaibusu.

"Damu ya mwanangu nimeisamehe," alisema.

Walipoondoka, wifi alilipuka.

"Umeimaliza kesi, mama! Miezi yote hii nimetukanwa, nimefuatwa na pikipiki mpaka sokoni, nawe umeimaliza kwa neno moja!"

"Ningefanyaje, mwanangu? Uliiona miguu yake? Ilikuwa inatoka damu."

"Na Punhal je? Yeye hakutoka damu?"

Hapo nikashindwa kuvumilia. "Wewe hujazaa," nilimwambia, "huyajui haya. Nyamaza!"

Neno lile lilimuuma, nami nilikusudia limuume. Alitoka akaenda kukaa uani kutafuna supari yake, na roti zangu hakuzigusa.

Asubuhi tulikwenda mahakamani bila kusemezana. Wakili wa Wadero alikuwa amefika mapema, amenyoa, anachekacheka na makarani. Kesi ilipoitwa alisimama kabla ya wifi.

"Mheshimiwa, tunaomba shauri hili lifutwe. Jana mama wa marehemu alisamehe, mbele ya Kurani na mtaa mzima. Kwa mila zetu yamekwisha."

Wifi aliinamisha kichwa. Sijawahi kumwona hivyo, hata siku tuliyomzika baba yake.

Hakimu alikuwa mtu mzima, Msindhi mwenzetu, mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri. "Nani alikwenda kumwomba?" aliuliza.

"Mama mzazi wa mheshimiwa mbunge, yeye mwenyewe," wakili alijibu, kifua mbele. "Kwa miguu."

"Alimwomba msamaha wa jambo gani?"

Wakili aliinamia karatasi zake, akaanza kuzipekua.

"Nauliza," hakimu alisema, akigonga karatasi kwa kidole, "kwa sababu hapa umeniandikia kwamba marehemu hamumjui na hakuna mtu aliyefia kwenu. Sasa bibi wa umri ule ametembea peku kuomba radhi kwa kifo cha mtu asiyejulikana?"

Nilianza kuelewa. Wakili akisema Bi Rabel alidanganya, amemwita mama wa Wadero mwongo akiwa na Kurani kichwani, na uchaguzi uko mlangoni. Akisema alisema kweli, utetezi wao wote umekwisha. Wifi alikuwa ameinua kichwa taratibu, anamtazama yule wakili kama paka aliyesikia mlio wa panya.

"Naomba muda, mheshimiwa, nizungumze na mteja wangu."

"Muda hakuna. Mama, hebu simama. Huyo bibi alilitaja kosa?"

"Alilitaja," Mama Sabhai alisema. "Kwamba mwanangu alifia kwenye mashine yao, akifanya kazi yao. Ni mwanamke mkweli yule. Asije mtu akamwita mwongo hapa."

Wakili aliketi. Hakimu alisema damu ilikuwa ya mama kuisamehe, na amesamehe, lakini sheria ya kazi si ya mama peke yake. Akamwamuru karani aandike kwamba Punhal alikuwa mfanyakazi wa kiwanda kile, na kwamba mashine haziwashwi mpaka kila mkanda urudishiwe kinga, ikaguliwe mbele ya wafanyakazi wenyewe. Huko nyuma kuna mtu alisema kwa sauti, "Njia ya mwongo ni fupi," akatolewa nje.

Nje wifi alimkimbilia Mama Sabhai, akamshika mabega, uso wote unang'aa.

"Tumeshinda, mama! Umewashinda! Umemtega Wadero kwa mama yake mwenyewe!"

Mama Sabhai akaitoa mikono ya wifi begani pake, mmoja, kisha wa pili.

"Sikumtega mtu, Hakimzadi. Nilimsamehe kweli. Usinipongeze."