Siku Mjomba Twaha Alipoomba Kucheza

Nyuma ya kliniki ninayofanya kazi hapa Oud Metha, Dubai, kuna kibanda cha fundi viatu. Asubuhi, jua halijawa kali, fundi huwa anapaka ngozi mafuta, na harufu ile ikinifikia pale mlangoni nasimama kidogo. Wenzangu hudhani nasubiri lifti. Kumbe mimi nipo nyumbani kwetu Mankhool, nina miaka kumi, na mjomba wangu Twaha ameketi sakafuni sebuleni akisugua glavu yake ya besiboli kwa kipande cha fulana kuukuu.

Mjomba Twaha ni mdogo wake mama, kitindamimba wa nyumba yao kule Mombasa. Alipokuja Dubai alifikia kwetu, akalala kwenye kochi kwa muda ambao baba, kwa adabu zake, hakuwahi kuuliza utakwisha lini. Mchana aliuza vipuri vya magari Ras Al Khor. Jioni alirudi akinuka grisi, akaoga, akaswali, kisha akaitoa ile glavu chini ya kochi.

"Twaha, glavu hiyo waienzi kuliko utakavyomwenzi mke," mama alikuwa akimwambia, na mjomba akicheka tu.

Mke mwenyewe alikuwepo, au tuseme angekuwepo. Rehema, binti wa mtaani kwao, alikuwa ameshaposwa na wazee wameshakubaliana. Kilichobaki ni mjomba kutaja siku ya kurudi nyumbani kuoa, na hiyo siku hakuitaja. Kila simu ikitoka Mombasa mama alimtazama, naye akainamia glavu. "Ngoja ngoja huumiza matumbo," mama akasema, nami nikawa nashangaa ni tumbo la nani linaloumwa.

Alichokuwa akingoja ni Amerika. Nasema hivyo ijapokuwa Amerika alikuwa ameshakwenda na kurudi. Besiboli aliifundishwa shuleni na mwalimu wa kujitolea kutoka Japani, wenzake wakimcheka kwamba anacheza mpira wa watu wasiojua mpira. Akawa hodari. Katika mashindano kule Uganda akaonwa na Mmarekani aliyekuja kutafuta vijana, na mwaka uliofuata akapanda ndege kwenda kuchezea timu ndogo, katika ligi ya chini kabisa, kwenye miji ambayo hata Wamarekani wenyewe huiuliza iko wapi.

Alisimama kati ya kituo cha pili na cha tatu, katika vile vinne anavyovikimbilia mpigaji, mahali ambapo mpira ukipigwa hukujia chini chini kwa nguvu na huna muda wa kufikiri. Alituhadithia safari za basi za kutwa nzima, mikate ya siagi ya karanga, na kocha wake aliyechanganyikiwa Ramadhani ilipoingia, akamfuata na chupa ya maji huku akimwambia, "Twaha, hata tone?" Walimpandisha daraja moja, wakamshusha. Wakampandisha tena, wakamshusha. Kudaka, hakuna aliyemshinda. Kupiga ndiko kulikomshinda yeye. "Mikono ya kudaka Mungu alinipa," alisema, "ya kupiga akampa jirani." Mwishowe wakamwambia aende zake. Sehemu hiyo aliiruka kila mara, na sisi hatukumrudisha nyuma.

Karibu na jengo letu palikuwa na kiwanja cha mchanga ambapo magari yaliegeshwa ovyo, nao wavulana wa Kihindi na Kipakistani wakicheza kriketi. Jioni mjomba alinichukua huko, nikamrushia mpira wa tenisi ukutani naye akaudaka unaporudi. Wavulana walimshangaa. Kwao anayevaa glavu ni mmoja tu, yule anayesimama nyuma ya vijiti, na huyu bwana mzima alikuwa akiivaa popote pale. Wakamwita acheze nao. Akadaka kila kilichopigwa, mpaka ikawa ugomvi awe upande gani, wakaamua achezee pande zote mbili na asipewe gongo la kupigia kabisa. Hukumu hiyo ilimchekesha hata akakaa chini.

Kisha ikaja habari kwamba timu mpya ya besiboli inaundwa hapa Dubai na inataka wachezaji. Watajaribiwa Jumamosi, kuanzia asubuhi. Mjomba alimwomba ruhusa arbab wake, mzee mcheshi mwenye duka la vipuri, naye akamwambia, "Yalla, nenda. Ukiwa mashuhuri usije ukanunua vipuri kwa jirani." Nyumbani mama akamwambia mbele yangu:

"Wakikuchukua, mtoto wa watu ataambiwa nini? Angoje tena?"

"Wakinichukua, dada, nitamwambia mwenyewe."

"Na wasipokuchukua?"

Mjomba akaichukua glavu na kile kipande cha fulana.

Nilikwenda naye, kwa sababu nililia. Uwanja ulikuwa nje ya mji, nyasi za kijani zimezungukwa na mchanga pande zote, na vijana wengi wamejinyoosha, wengi wao wadogo kwake. Aliyewachagua alikuwa Mmarekani mzee mwenye shingo nyekundu na miwani ya jua. Nilikaa kwenye benchi na chupa ya maji na sambusa alizotufungia mama.

Nitawaambia nilichokiona. Walimpigia mpira mkali upande wake wa kulia, mbali. Akaruka, akaanguka kifudifudi, vumbi likatimka, na nilipofungua macho alikuwa amepiga goti moja na mpira umeshatoka mkononi, umeshafika kituo cha kwanza. Watu wakapiga makofi, hata wale walioitaka nafasi ileile. Nikajua basi, amechukuliwa.

Halafu wakampa gongo. Aliyemrushia alikuwa kijana mrefu, na mpira wake niliusikia ukilia kwenye glavu ya mdakaji kabla sijauona. Mjomba alipiga hewa. Akapiga hewa tena. Mpira mmoja akaugusa, ukabingirika hadi miguuni mwa yule kijana kama chungwa lililodondoka kapuni.

Saa sita yule mzee akamwita pembeni, karibu na benchi nililokaa. Akamwekea mkono begani.

"Mikono kama yako sijaiona kwa muda mrefu," akamwambia kwa Kiingereza. "Lakini siwezi kukuchukua. Nadhani unajua kwa nini."

"Najua, bwana."

"Samahani."

"Mchana kuna mechi ya wale mnaoendelea kuwajaribu," mjomba akasema. "Mna pengo. Naomba nicheze."

Mzee alivua miwani. "Hutabadilisha kitu ukicheza, Twaha."

"Najua. Naomba nicheze."

Mzee akaitikia kwa kichwa.

Mimi nilikasirika. Nilimwambia, "Mjomba, twende nyumbani! Wamekukataa, utawachezea nini?" Akanipa sambusa iliyobaki akaniambia nile polepole. Akaingia uwanjani, akacheza mchana mzima, na sijapata kumwona mtu akicheka vile. Aliwaelekeza vijana wasimame wapi. Alidaka, akarusha, akapiga hewa, akacheka. Mechi ilipokwisha alimpa mkono kila mmoja, pamoja na refa, na Mbangladeshi aliyekuwa akingoja kumwagilia nyasi.

Nyumbani tulimkuta mama na Bibi Zuwena, jirani yetu wa Kizanzibari aliyeishi Dubai tangu mama hajazaliwa. Chai ilikuwa tayari na hakuna aliyeigusa.

"Vipi?" mama akauliza.

"Khalas, dada, yamekwisha. Mpigie mama yake Rehema. Mwambie naja baada ya Ramadhani."

Mama akaangua kilio. Bibi Zuwena akamshika mkono, akasema, "Asiyekubali kushindwa si mshindani. Huyu ni mshindani hasa." Nami nikalia pia, kwa kuwa nilidhani mama analilia besiboli.

Kilio cha mama nilikielewa nilipokua na kuona wanavyolia watu walioondolewa mzigo. Lile la kuomba kucheza lilinichukua muda zaidi. Mjomba sasa ana duka lake la vipuri Mombasa na watoto wanaopenda soka tu, wala halalamiki. Nilipokwenda kwao mwaka juzi nilimwuliza. Akaniambia kwamba kule Amerika walimwita ofisini asubuhi moja, wakampa mkono, na kufikia adhuhuri alikuwa kituo cha basi na begi lake. Jana yake alikuwa amecheza kama siku yoyote, akiwaza chakula cha usiku. Amejaribu kuukumbuka mpira wa mwisho alioudaka huko, na hawezi. Hakuwa amejua kwamba ilimpasa autazame.

"Na wa Dubai?" nikamwuliza.

Akaweka chini kikombe. "Ulidunda mara mbili," akasema, "mara ya tatu ukanijia hapa kifuani, taratibu, kama mtu anayenijua."