Mguu Wangu Juu ya Simu ya Moraa

Kuna watu nikikutana nao kanisani mpaka leo hawaniangalii usoni, wananiangalia mguu. Wa kulia. Siwalaumu, maana waliujua mguu kabla hawajanijua mimi, na siku walipoujua ulikuwa unaning'inia kwenye dari la kaka yangu katikati ya maombi ya msiba, umevaa soksi ya mwanamke. Nimeona afadhali niwasimulie mwenyewe, kwa sababu huko nje inasimuliwa vibaya (kuna wanaosema sikuwa na suruali, na hilo nalikataa kabisa).

Kaka yangu Zakaria na mkewe Moraa walikuwa wamenunua nyumba Fridley, huku Minesota, nyumba kuukuu lakini yao, na mimi nilikuwa nakaa nao, chumba cha chini, mchana nafua mashuka kwenye nyumba ya kulelea wazee na jioni naleta mdomo. Shule niliishia la nane, mdomo haujaishia popote. Basi ile winta ya kwanza baridi iliingia mpaka ukiwa mezani unakula unaona pumzi yako, Zakaria akaulizia kazini akaambiwa joto lote linatorokea darini, lazima mtandike pamba (ile ya pinki, ya nyuzi za kioo, inauzwa imeviringishwa kama mkeka), halafu juu yake mpigilie plaiwudi mpate sakafu ya kuweka masanduku. Tukanunua, tukaifunga juu ya gari, tukaja nayo polepole watu wanatupigia honi. Kufika nyumbani akaniambia, "Usiguse kitu. Jumamosi niko ofu, tutafanya pamoja."

Mimi ningojee Jumamosi ya nini? Dari nalijua. Jikoni kwa mama dari lilibeba mahindi, magunia kwa magunia, na sisi watoto tulikuwa tunapanda kulala juu yake tukikimbia kazi. Nikajiambia dari ni dari. Nikapanda peke yangu na fulana ya mikono mifupi, nikawashwa kama mtu aliyelalia upupu, lakini nikakazana. Sasa kule pembeni, paa linapokutana na ukuta, nikakuta matundu yamepangwa mstari, upepo unapiga miluzi. Gunia la pamba lilikuwa na picha yenye mishale kuonyesha kwamba hapo pasizibwe. Nikaiangalia ile picha nikacheka. Yaani umfunike mtu blanketi halafu umwachie miguu nje? Nikayaziba yote, moja moja, kwa bidii ambayo shuleni hawakuwahi kuiona.

Huo ndio uamuzi wenyewe. Ni mdogo tu.

Nikatandika pamba mpaka ikafunika na maboriti, ikapendeza, huoni mbao iko wapi wala uwazi uko wapi. Plaiwudi nikapigilia upande wa chumba cha kulala, zikaisha, upande wa sebule ukabaki pamba tupu. Mfuniko wa tundu la kupandia, ambalo liko ndani ya kabati la nguo la Moraa, ulikuwa haufungi sawasawa, nikasema huo wa kesho. Zakaria aliporudi akanuna, halafu akauliza, "Yale matundu ya pembeni umeyaacha?"

"Kaka, huko juu kila kitu kimekaa."

Kesho yake ikapigwa simu kutoka nyumbani. Mama yake Moraa amefariki.

Hapa mnivumilie, sina utani. Makaratasi ya Moraa yalikuwa hayajatoka, akitoka Amerika harudi, na hapa ana mtoto mdogo. Kwa hiyo mama yake alikuwa anaenda kuzikwa na yeye yuko Fridley anachemsha chai. Watu walikuja kila jioni, wengine kutoka kazini na sare zao za hospitali, wanaimba, wanaomba, na yeye anawapokea makoti, anawauliza kama wamekula. Hakulia. Zakaria alinivuta pembeni akaniambia, "Hajatoa hata chozi. Naogopa." Kitu kimoja tu Moraa alikuwa anangoja: Jumamosi asubuhi, kwetu ikiwa jioni, mazishi yakiisha baba yake angepelekwa mjini na pikapu apige simu kwenye duka la jamaa, amweleze mama amelala wapi na amelala vipi. Laini za miaka ile mnazikumbuka, ikikatika hairudi, na mzee hawezi kulala dukani. Hiyo simu ndiyo ilikuwa mazishi yake.

"Jumamosi," Zakaria akaniambia, "utani wako uuache nje kwenye theluji." Nikaapa.

Kumbe wiki nzima mvuke wa chai na wa ugali na pumzi za wale watu wote ulikuwa unapita kwenye ule mfuniko, unafika darini, unatafuta pa kutokea, na mimi nimeziba. Ukaganda. Siku moja nilichungulia nikakuta paa lote kwa ndani limeota barafu, kila ncha ya msumari ina jino lake jeupe. Nikaona ni pazuri, nikafunga.

Jumamosi jua likatoka, ile siku moja ambayo Januari inajisahau. Sebule imejaa mpaka watu wamekaa kwenye zulia. Moraa yuko kwenye kochi, mbele yake meza ndogo, juu ya meza simu, ile ya kutoa sauti nje ili wote tusikie. Pasta anaomba. Tone la kwanza likampata kwenye upara. Akapangusa, akaendelea. La pili likaangukia Biblia, na mama mmoja aliyetoka mji wa Inver Grove Heights akamnong'oneza jirani yake kwamba hata mbingu zinaomboleza. Mimi peke yangu nilijua mbingu hazihusiki, ni ile barafu ya darini inayeyuka.

Nikanyata mpaka chumbani na beseni. Viatu nikavua ili wasisikie hatua zangu, na soksi zangu zilikuwa chepechepe kwa sababu asubuhi nilikuwa nje nawaondolea wageni theluji njiani. Kwenye rafu ya kabati, pale pale chini ya tundu, nikaona soksi za sufu, nzito, nyekundu zenye mstari wa kijani. Nilijua ni za nani. Mama yake Moraa alizifuma kwa mkono akampa mgeni amletee, aliposikia Minesota kuna baridi, na Moraa hakuwahi kuzivaa hata mara moja, alisema zitachakaa. Nikasema navaa dakika mbili narudisha, nani atajua?

Darini kulikuwa kunanyesha, beseni likaanza kujaa. Nikatambaa kwenye plaiwudi mpaka ikaisha, na penye kuvuja zaidi palikuwa mbele, juu ya kochi hasa. Boriti ziko wapi, nilizizika mwenyewe. Nikachagua mahali, nikakanyaga nikiliamini dari la jikoni kwa mama. Sasa dari la Amerika ni unga mweupe uliobanwa kati ya karatasi mbili, na ule wangu ulikuwa tayari umelowa. Mguu ukapita mpaka kwenye paja, mwingine ukakunjika juu ya boriti, na beseni likanimwagikia mgongoni.

Chini wote wakainua macho. Halafu sauti ya mtoto wa kaka, kwa Kizungu chake cha hapa hapa, akiwaeleza wageni kwamba huo ni mguu wa Anko.

Na simu ikalia.

Nikamsikia Zakaria chini yangu kabisa, sauti imebanwa kwenye meno: "Usitikisike. Ukianguka umeangukia simu. Na usiseme neno."

"Halo? Baba?"

"Mwanangu," mzee akasema, na sauti yake ikajaa nyumba. "Tumemlaza."

Nikabaki vile vile, nimekaa juu ya boriti kama kwenye baiskeli isiyo na gurudumu, naning'iniza mguu juu ya vichwa vya watu, matone yananipiga shingoni, namsikiliza mzee akieleza. Kwamba wamemlaza upande wa kahawa, pale alipokuwa anapenda kuota jua. Kwamba wamemvika gauni la bluu lililotoka kwa Moraa. Kwamba mvua ilisubiri mpaka udongo ukaisha. Moraa alikuwa anajibu, "Sawa Baba. Sawa," kama mtu anayepokea zamu kazini.

"Huko baridi bado iko?" mzee akauliza. "Mama yako alisumbua sana na hiyo baridi. Mpaka mwisho alikuwa anauliza kama zile soksi zilikutosha. Nikamwambia nitakuuliza."

Nikahisi mkono umeshika kisigino changu, halafu umevuta soksi juu, ikakaa sawa, namna mama anavyomvalisha mtoto.

"Zilitosha, Baba," akasema. "Hata saa hii zimevaliwa."

Laini haikukatika. Ni yeye aliyekatika. Alilia ameshika ule mguu, na watu wakalia, na mzee huko dukani akalia, na mimi juu kule na nyuzi za kioo puani nikalia bila kutoa sauti kwa sababu nilikuwa nimekatazwa. Vichekesho nilivyo navyo ni vingi, siku ile hakuna hata kimoja kilichokuja.

Simu ilipoisha wakaleta ngazi wakanisukuma kutoka chini. Zakaria alinikuta chumbani, suruali imechanika.

"Matundu?"

"Niliziba."

"Yote?"

"Yote, kaka."

"Panda ukazibue."

Nikapanda. Jioni, wageni wameondoka, nikampelekea Moraa soksi zake kwa mikono miwili, siwezi kumtazama.

"Nani alikuruhusu?"

"Hakuna, shemeji."

"Siku nyingine uombe." Akazigeuza, akazitoa vipande vya pamba. "Kazifue. Kwa mkono, si kwenye mashine ya huko kazini kwenu. Na usizianike karibu na moto."

Zilipokauka akazivaa yeye. Alizivaa winta yote, mpaka visigino vikaonekana.

Tangu siku hiyo nimeapa: mtu akiniambia ngoja Jumamosi, nangoja Jumamosi, na mahali nisipopaona sikanyagi. Lile tundu la sebuleni tulilibandika kipande, rangi ikakataa kufanana, Zakaria akataka kupaka dari lote upya, Moraa akasema liache. Wageni wakiinua macho wakauliza pale pana nini, anaendelea kumimina chai yake na kuwaambia waniulize mimi.